Tone la Ijumaa

Woodley, Nairobi
Ijumaa, 10 Januari 2025

Dada Mabruka,

Assalamu alaykum. Sisi huku wazima, isipokuwa jokofu, ambalo limeanza kukoroma kama marehemu mjomba Abdulrauf, na kama yeye, hakuna mwenye moyo wa kuliamsha.

Barua yako ilifika Jumanne kwa basi pamoja na mahamri. Barua ingali nzima. Binti yangu Rumaisa ameniuliza tena kwa nini ndugu wawili wenye simu hutumiana karatasi kila wiki. Nikamweleza sheria ya babu yake: simu ni ya msiba na ya bei ya vitunguu, mengine yote yaandikwe, mtu apate kuyafikiri kwanza. Akaangalia nilichokuwa nikiandika, akasema, “Lakini buda, na vile unaandikanga kubwa siku hizi, karatasi itakuwa ghali kushinda bundles.” Ni kweli herufi zangu zimenenepa. Nadhani mwandiko nao, ukifika miaka hamsini na tatu, huota kitambi.

Sasa mashindano yetu ya kubana matumizi, na ujiandae kushindwa. Januari hii Nairobi nzima imefunga bila nia, nasi hatukubaki nyuma. Maji ya kufulia yanaosha sakafu, kisha yanamwagiwa sukumawiki ya wifi yako Shahida nyuma ya nyumba. Taa inawaka moja tu jioni. Shahida anashona, Rumaisa anasoma kitabu chake cha shule kwa sauti, mimi nasikiliza. Nimegundua kuwa kitabu kimoja kikisomwa kwa sauti kinalisha watu watatu, kama pilau.

Gazeti ninagawana na jirani yangu Jamleck, yule karani mstaafu mwenye mbwa mwoga. Zamani yeye alisoma asubuhi, mimi jioni. Siku hizi namwambia aniokolee muda, anisimulie langoni. Gazeti la Jamleck lina uongo mwingi kuliko lile la dukani, maana kila habari huipa mwisho anaoutaka yeye.

Lakini ushindi wangu ni huu. Wakumbuka mwezi wa kumi nilikwenda kwa daktari wa macho hapa Hurlingham. Alisema macho yana presha, akanipa kichupa cha dawa: tone moja kila jicho, kila usiku, na mwezi ukiisha nichukue kingine. Kichupa chenyewe ni kama kidole cha mtoto, bei yake ya mtu mzima. Nikamkumbuka Mama na kopo lake la samli, alivyokuwa akichovya ncha ya kijiko tu na wali ukanukia vilevile. Basi nikaanza: usiku mmoja natia, usiku mmoja napumzika. Desemba nikaona macho hayajalalamika, nikafanya Jumatatu na Ijumaa. Sasa ni Ijumaa peke yake, nikitoka msikitini, kama mtu anayejipaka manukato. Kichupa cha mwezi mmoja kimeingia mwezi wa nne, na ukikitikisa bado kinacheza. Nishinde kwa hilo, dada.

Shahida anakusalimu. Juzi nimegonga mlango wa bafu kwa bega la kushoto, mlango niliokaa nao miaka yote hii, nikauomba radhi kwa sauti. Amecheka mpaka leo.

Ndugu yako mdogo,
Taib

*

Kuze, Mombasa
Ijumaa, 17 Januari 2025

Taib, ndugu yangu,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeisomea barazani mpaka jirani akauliza ni nani anayenichekesha. Kwa hilo la kichupa nimenyanyua mikono. Mama angekuwapo angekutilia samli kijiko kizima. Mimi nilidhani nna ushindi wiki hii: wali wa jana nimeusaga nikatengeneza vibibi, na buibui langu la zamani limekuwa vitambaa vya kushikia masufuria. Lakini mtu anayekwenda miezi minne kwa dawa ya mwezi mmoja, wallahi, huyo ni mtoto wa Mama kweli. Nimemhadithia Hafiz wangu, akasema mjomba akipewa uwaziri wa fedha nchi hii itapona.

Wasema herufi zako zimenenepa. Zangu zimekonda, kalamu yaisha. Nami siku hizi uzi na sindano natunga nje, ndani taa haina nguvu, sijui umeme wa siku hizi wachanganywa na maji.

Sasa la maana. Hitima ya Baba ni Alhamisi ile ya kuamkia nusu Shaabani. Nimeshagawa juzuu zote thelathini, kila mtu na yake. Wewe, kama kila mwaka, nimekuwekea Lan Tanaalu, juzuu ya nne, ile aliyokuwa akiishika Baba enzi zake, hata watoto wa mtaa wakiiita juzuu ya Maalim. Sikupi wewe kwa kuwa u ndugu yangu. Nakupa kwa sababu Baba alisema kwa kinywa chake kwamba katika nyumba hii anayesoma kwa kituo ni wewe. Isome huko huko Woodley Alhamisi baada ya Alasiri, nasi tusome huku, dua ifungwe pamoja.

Nimekutumia mkate wa sinia. Usiule peke yako.

Dada yako,
Mabruka

*

Woodley
Ijumaa, 24 Januari 2025

Dada Mabruka,

Assalamu alaykum. Mkate umefika umepinda kidogo, kama mimi.

Wiki hii nimekuwa kichekesho cha ofisi. Wajua kazi yangu: kampuni inanipa miswada ya vitabu vya shule, nainyoosha kabla haijachapwa. Basi kulikuwa na hadithi ya darasa la nne. Mtoto anapoteza mbuzi. Mwandishi alikuwa amebadilisha mawazo katikati, akasahau kurudi nyuma, na hiyo ndiyo hasa kazi ninayolipwa kuigundua. Nikaipitisha. Jumanne Ciru, mhariri mkubwa, msichana mwenye adabu kuliko wengi wa rika lake, akaniita akafunga mlango. Akauliza, “Mwalimu Taib, huyu mbuzi amepotea ukurasa wa tatu, ukurasa wa tano amepatikana akiwa ng’ombe. Alikula nini huko?”

Tukacheka wote wawili. Kisha yeye akaacha kucheka kabla yangu. Akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia nilisoma nikiwa na njaa, na mtu mwenye njaa hutamani mnyama mkubwa. Ukweli ni kwamba ile karatasi nilikuwa nimeikazia macho asubuhi nzima. Herufi zilikuwepo, nadhani, ila mistari ilikuwa na shughuli nyingine. Usimwandikie Shahida habari ya mbuzi huyo. Ana karo ya Rumaisa ya kufikiria.

Siku hiyohiyo, pale Adams Arcade, ngazi moja ilinikosa. Mama mmoja muuza ndizi akaninyanyua, akanikung’uta vumbi kama zulia, akaniuzia ndizi. Shahida nimemwambia suruali imechanika kwa uzee wake.

Kuhusu hitima, nina ombi. Mwaka huu nipe Amma, hiyo juzuu ya mwisho. Sura fupifupi, pumzi kidogo. Hata kusoma nabana matumizi. Lan Tanaalu mpe Hafiz, kijana ana kifua na sauti, mimi siku hizi nikianza aya ndefu naimaliza kesho. Usinitafutie sababu, dada. Ni uvivu tu wa mtu mzima.

Kichupa bado kinacheza.

Taib

*

Kuze
Ijumaa, 31 Januari 2025

Taib,

Barua yako imefika.

Amma ni ya watoto. Nimeshawapa wajukuu zangu, wagawane, wengine bado wana mapengo mdomoni. Ndipo ndugu yangu, mtu wa vitabu, anayelipwa na Wakenya ili asome, aniandikie ati ampokonye mtoto juzuu yake kwa kuwa ni fupi. Na hiyo ni hitima ya Baba, si ya jirani.

Mimi kubana matumizi nakujua, tumefundishwa pamoja. Unabana sukari. Unabana sabuni. Humbanii Baba aya zake. Nilidhani Nairobi imekula nywele zako tu, kumbe haikuishia hapo.

Nimempa Hafiz Lan Tanaalu. Ameuliza kwa nini. Na wewe soma utakacho, au lala.

Mabruka

*

Kuze
Jumapili, 2 Februari 2025

Taib, mdogo wangu,

Sikungoja Ijumaa, wala sikungoja jibu lako. Barua hii inaondoka na basi la leo jioni.

Jana nilikuwa nikipangusa vumbi kwenye sanduku la juzuu, hizo juzuu za Baba zilizojaladiwa moja moja. Ya nne haijachakaa. Zote zimechakaa, ila hiyo ya Maalim ina miaka mingi haikushikwa. Iliyokwisha kabisa, jalada limekuwa kama ngozi ya ndizi, ni Amma. Nikakaa kitako hapo hapo sakafuni.

Wewe ulikuwa umeshahamia Nairobi, hukuyaona. Miaka yake ya mwisho, kila hitima, Baba alikuwa akisema: wapeni vijana ndefu, mimi nipeni Amma. Tukasema huo ni unyenyekevu. Maimamu wakautolea mfano. Alikuwa akiifungua, akigeuza kurasa polepole, na kurasa nyingine akizigeuza mbili mbili. Taib, Baba hakuwa akisoma. Alikuwa akitoa kichwani. Na alipokuwa akigonga birika la udhu lililokaa pale pale siku zote, sisi tukilisogeza na kucheka.

Nikazitoa barua zako, nikazitandaza kitandani tangu za Ramadhani iliyopita. Hazikunenepa tu. Mistari yote inaanza katikati ya karatasi. Upande wa kushoto hakuna kitu. Bega la kushoto. Ngazi. Mbuzi.

Nikarudi kwenye ile ya kichupa. Uliniandikia waziwazi, nami nikacheka. Nikakusifu. Ndugu yangu anaacha macho yake yaende, mimi namnyanyulia mikono na kumhadithia mtoto wangu.

Nitapiga simu kabla karatasi hii haijakufikia. Najua ukiliona jina langu utadhani kuna maiti. Na usiponijibu, nitampigia Shahida.

Dada yako,
Mabruka

*

Woodley
Ijumaa, 7 Machi 2025

Dada Mabruka,

Assalamu alaykum, na Ramadhani karimu. Mwandiko huu mzuri si wangu, ni wa Rumaisa. Mimi nasema, yeye anaandika, na ameniahidi hataongeza kitu. (Sijaahidi. R.)

Mwezi mzima hatukuandikiana, kwa sababu umeivunja sheria ya Baba kila jioni baada ya Magharibi. Silalamiki. Lakini kuna mambo hayasemeki kwa simu huku mtu akikuuliza kila dakika umetia dawa au hujatia. Leo nimetaka niyafikiri kwanza, kama alivyotaka yeye.

Ile Jumapili uliponipigia sikupokea. Niliona jina lako, au niliona mwanga na nikajua ni wewe, nikasema nani amekufa, mikono ikakataa. Jamleck alikuwa hapo langoni. Akasema, “Shika hiyo simu, mzee, kama ni matanga si nitakusaidia kulia.” Ilipokatika, ikalia ya Shahida ndani ya nyumba.

Hakupiga kelele. Alisikiliza amesimama kando ya jiko, akasema naam dada, naam dada. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya vitabu, nyuma ya kamusi, akakitoa kichupa. Alikuwa anajua kilipo siku zote. Nilikuwa nimemwambia ni cha kusafishia miwani, akaniamini. Akakiweka mezani, akaniuliza, “Na hicho ulichookoa, Taib, kiko wapi? Nionyeshe.”

Nikapapasa meza kutafuta kichupa ili nikiangalie, na mkono wangu ukakipita. Rumaisa aliuona huo mkono. (Niliuona. R.)

Daktari nilimwona kesho yake. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alinionyesha kwenye kompyuta yake picha ambayo sikuweza kuiona vizuri, nayo ilikuwa picha ya kile nisichokiona. Jicho la kushoto sehemu kubwa imekwenda na haitarudi, hata nikinywa dawa kwa ndoo. La kulia limeguswa pembeni. Akasema tulinde lililobaki. Halafu akaniuliza kichupa kilifunguliwa lini, nami kwa ujinga wangu nikajibu kwa fahari kidogo. Akakitupa kwenye pipa mbele yangu. Dawa ile ikishafunguliwa huzeeka kwa wiki nne. Matone yangu, hadi haya ya Ijumaa, dada, tangu Novemba yalikuwa karibu na maji tu.

Kazini nilikwenda mwenyewe nikamweleza Ciru kabla hajaletewa mnyama mwingine. Akasema atazungumza na wakubwa. Kwa sasa wananipa mswada mmoja mmoja, mtu ananisomea, mimi nasikiliza kama kuna mbuzi anayegeuka. Masikio yangu ni makali kuliko nilivyodhani, lakini msomaji anataka kulipwa, na kampuni haiwezi kulipa watu wawili kwa kazi ya mmoja. Mpaka Juni, amesema. Baada ya Juni sijui. Shahida anafanya hesabu kimya kimya, nami nakisikia kimya hicho kutoka chumba kingine. Rumaisa amesema atanisomea yeye bure. (Nilisema nusu bei. R.)

Hitima. Najua Hafiz alisoma Lan Tanaalu vizuri, ulinieleza. Sijakueleza ilivyokuwa huku. Nilitandika mswala baada ya Alasiri, simu ikawa sakafuni, sauti zenu zikija kama nyuki. Nikafungua msahafu. Sijui kwa nini niliufungua. Mkono wenyewe ulitaka kugeuza kurasa, na nilipogeuza ya kwanza nikamwona Baba. Nilimwona kwelikweli, dada, kuliko nilivyowahi kumwona nikiwa na macho yangu. Tungeuliza tu, labda naye angesema. Labda asingesema. Sisi hatupendi kusumbua.

Nikaufunga. Nikaisoma Amma kichwani, simu ikiwa wazi, na wajukuu zako upande wa pili wakisoma hiyo hiyo. Nikakwama kwenye Sura ya Alfajiri. Kikasikika kisauti kutoka Mombasa, chenye pengo, kikanitajia aya inayofuata kama mwalimu aliyechoka na mwanafunzi wake. Nikaishika, nikaendelea.

Nimefurahi kwamba ulikwenda ukapimwa, na kwamba presha yako ya macho ni mwanzo tu, na kwamba Hafiz na watoto watapimwa wote baada ya Idi. Nilipokusikia ukisema “nami ninayo,” nilikaa chini. Usitunge tena sindano kwa kusingizia umeme. Na kama kichupa chako umeshaanza kukiangalia kwa jicho la Mama, nitapanda basi nije.

Huku Shahida ndiye anayenitia dawa kila usiku baada ya Tarawehe, mimi sijiamini tena. Ananishika kidevu kama ananinyoa. Hazungumzi sana bado. Lakini juzi alipomaliza alibaki amenishika kidevu kwa muda.

Basi, mashindano. Taa zinawaka tatu, maana nahitaji mwanga kila kona nisivunje vyombo. Gazeti Jamleck ananisomea neno kwa neno, na limekuwa baya sana tangu alipoacha kuongeza. Na kichupa kile kipya kimekwisha Jumatatu, siku yake hasa. Shahida alikikamua, hakikutoa kitu, akatupa. Sikubakiza hata tone, dada. Wiki hii umenishinda, nawe ole wako unishinde wiki ijayo.

Ndugu yako mdogo,
Taib